Gari Lililojifunga Sokoni

Gari lilirudi kwangu Jumatatu asubuhi, kioo cha mlango wa nyuma upande wa kushoto hakipo, na mahali pake pamebandikwa karatasi ya nailoni ya buluu iliyokuwa ikipigapiga kwa upepo. Mwenye gari alishuka bila kunisalimia. Hapo nikajua kuna jambo. Watu wa huku kwetu Kisumu, hata wawe na hasira ya namna gani, watakusalimu kwanza, watakuuliza habari ya nyumbani, ndipo wakugeukie.

Alikuwa mkunga katika zahanati moja upande wa Sondu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusema na watu walio katika uchungu. Miezi miwili kabla ya hapo ndiye aliyeniletea gari hilohilo nilitie alamu yenye rimoti, ili awe anafunga na kufungua milango yote kwa kubonyeza kidude mkononi. Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Nina kibanda cha mabati kando ya barabara, karibu na Migosi, na kazi hiyo naifanya mwaka wa kumi na tisa sasa. Nyaya zake nilizifunga kwa siku moja, akaondoka akicheka, akilifungua na kulifunga gari kutoka ng'ambo ya barabara kama mtoto.

Siku hii hakucheka. Alisimama mbele yangu, ufunguo mkononi, akasema, "Hii gari ilinifungia mama ndani."

Alikuwa na maana ya mama mkwe wake, bibi kizee anayeishi naye. Alinieleza kwa maneno machache. Walikuwa wamesimama sokoni Sondu, mchana, jua kali la siku ya soko. Yeye alishuka kununua ndizi, akazima gari na kuacha ufunguo mahali pake, maana alikuwa anakwenda hatua kumi tu. Vioo vilikuwa vimepandishwa juu kwa sababu bibi hapendi vumbi. Kugeuka, akasikia mlio wa kufuli. Milango yote minne imefunga. Akadhani mama mkwe amegusa kitu. Akamwonyesha kwa ishara avute kile kidude cha mlangoni. Bibi akakivuta, kikanyanyuka, kikafunguka, kisha tak, kikashuka tena chenyewe. Akakivuta tena. Kikashuka tena.

"Nilikuwa naona mdomo yake inaita jina yangu," mkunga alisema, "lakini sauti sisikii. Watu wakajaa. Kila mtu anavuta mlango yake. Mama akaanza kutoka jasho, halafu akaacha kutoka jasho. Unajua maana ya hiyo?"

Nikaitazama ile nailoni ya buluu.

"Mimi najua," alisema.

Mwuza samaki mmoja ndiye aliyechukua jiwe la mizani yake akavunja kioo cha nyuma. Mtu mwembamba akaingia kwa dirisha akamvuta bibi nje. Walimlaza kwenye kivuli cha kibanda, wakammwagia maji, akarudiwa na fahamu vizuri. Hakuumia, ila tangu siku ile alikataa kuketi popote palipofungwa mlango, hata chooni.

"Sasa nataka kujua ni nini," mkunga akasema. "Nakuachia gari. Alhamisi namleta mama kliniki ya miguu, nitapitia." Akanipa ufunguo, akavuka barabara akaenda zake, na nikabaki nimeshika ule ufunguo.

Nisingependa kumficha msomaji kitu ambacho nilimficha yeye. Wakati alipokuwa akisimulia, kabla hajafika hata kwenye jiwe la mizani, nilikuwa nimekwisha kuikumbuka siku niliyofunga alamu ile. Ilikuwa Ijumaa. Mpwa wangu alikuwa anaolewa kesho yake, na nyumbani kwetu Kaloleni dada zangu walikuwa wananipigia simu kila nusu saa: hina imeshakorogwa, wageni wa Busia wameshafika, we uko wapi? Nilikuwa nimebakiza viungo viwili tu vya nyaya. Kiungo cha waya, ukitaka kikae, unasokota shaba na shaba, kisha unayeyushia risasi kwa chuma cha moto, ndipo ufunge. Nikatia chuma changu kwenye soketi. Stima ikapotea. Nikangoja kidogo. Simu ikalia tena. Nikasokota zile nyaya kwa vidole, nikazizungushia tepu nyeusi, nikajiambia gari litarudi siku moja kwa jambo jingine na hapo nitazichomea sawasawa. Nikafunga kifuniko, nikanawa mikono, nikaenda harusini.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia nilipajua. Na sikuanzia hapo.

Nieleze kidogo kufuli hizi zinavyofanya kazi, maana si jambo gumu. Chini ya dashibodi, upande wa abiria, nyuma ya kifuniko cha plastiki kilicho pembeni kabisa pale unapoweka mguu wa kushoto, kuna kisanduku cheusi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia. Hicho ndicho kinachoamrisha milango. Lakini chenyewe hakijiamulii, kinangoja kuambiwa. Kuna waya wa kukiambia funga na waya wa kukiambia fungua. Pasipo mtu kugusa kitu, kila waya una volti kumi na mbili na kidogo, sawa na betri. Ukibonyeza swichi, waya unagusishwa na bodi, yaani chuma chenyewe cha gari, na zile volti zinaanguka hadi sufuri. Kisanduku kinaona kule kuanguka, basi, kinapeleka umeme kwenye mota za milango, na milango inafunga. Alamu ninayoiongeza mimi inajiunga kwenye nyaya hizohizo mbili, inazigusisha badala ya kidole cha mtu.

Hivyo siku ile sokoni ama kisanduku kilikuwa kibovu, kikafunga bila kuambiwa, ama waya wa kufunga ulianguka hadi sufuri bila mtu kugusa swichi. Kama ni kisanduku, lawama ilikuwa ya kisanduku. Kama ni waya, basi nyaya za kiwandani hakuna aliyezigusa tangu gari litoke Japani. Palipoguswa ni pale tu nilipounganisha zangu.

Jumatatu nzima nilipima kila kitu isipokuwa kile kiungo. Nilianza na betri: kumi na mbili nukta sita, nzima. Nikapima fyuzi moja moja, hata za taa na za honi ambazo hazihusiki kabisa. Nikafungua mlango wa dereva, nikavua kitambaa chake, nikachomoa swichi, nikaipima: ukibonyeza inapitisha, ukiachia haipitishi, kama inavyotakiwa. Nikakagua ule mpira unaopitisha nyaya kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni, mahali ambapo nyaya hukatika kwa kukunjwakunjwa kila mlango unapofunguliwa. Hazikukatika. Nikafungua rimoti, nikabadilisha betri yake, nikakaa nayo kivulini nikiibonyeza mara mia. Kila kitu kilikuwa kinatii.

Mikono yangu haikutulia. Naacha mita, nachukua bisibisi, naacha bisibisi, naenda kwa mama wa chai, nachukua kikombe, nakisahau juu ya boneti. Adhuhuri niliingia kuswali na nikagundua nimesujudu mara tatu katika rakaa moja, nikaanza upya, na katikati ya Fatiha nikajikuta ninahesabu rangi za nyaya. Kijani, nyeupe yenye mstari mweusi, kahawia.

Jirani yangu kazini ni fundi wa matairi, mzee mpole mwenye mwili mkubwa, anayeniita Mama Fundi ingawa tumelingana umri. Aliona nimezunguka gari lile tangu asubuhi. Saa kumi alikuja akajiegemeza mlangoni.

"Si ubadilishe hiyo box tu," akasema. "Waambie imekufa. Hizi gari za kutoka nje box zinakufa ovyo ovyo."

"Na kama haijakufa?"

Akacheka. "Mama Fundi, waya haina mdomo. Nani ataiuliza?"

Alisema vile kwa wema. Kwake yeye ilikuwa njia ya kuniondolea usumbufu. Lakini jioni ile nilipofunga kibanda, maneno yake yalinifuata mpaka nyumbani, na kilichonisumbua ni kwamba nami nilikuwa nimeshayafikiria kabla yake. Kubadilisha kisanduku kungenilazimu kufungua kifuniko kilekile cha pembeni. Ningechomoa cha zamani, ningetia kipya, na kwa kuwa nimeshafika pale, ningeyeyushia risasi kwenye viungo vyangu. Gari lingepona. Kisanduku kizima kingetupwa, na mimi ningebaki fundi mwema aliyelitambua tatizo. Ilikuwa rahisi mno.

Jumanne nilifungua kifuniko. Nikamulika kwa tochi. Viungo vyangu vilikuwa pale, vimevaa tepu yao nyeusi. Vilionekana vizuri, na nilipoviona hivyo nilifurahi kuliko ilivyostahili. Sikuvigusa, nikajiambia sivigusi ili nisiharibu ushahidi. Nikachoma sindano ya mita kwenye waya wa kijani, ule wa kufunga, pale unapoingia kwenye kisanduku. Nikaweka sindano nyingine kwenye bodi. Kumi na mbili nukta nne. Nikapiga kisanduku kwa ngumi. Nikatikisa mlango. Nikaruka juu ya kizingiti cha mlango kama mtoto. Kumi na mbili nukta nne.

Kasoro ya namna hii, inayokuja na kuondoka, ndiyo inayowamaliza mafundi. Kitu kilichokatika kabisa utakipata tu. Lakini hii inakungoja ugeuke. Nikaona nisipolitembeza gari halitasema. Nikaibandika mita juu ya dashibodi kwa tepu, nyaya zake zikishuka mpaka pembeni mwa abiria, nikaingia barabarani.

Niliendesha siku nzima. Nilishuka mpaka Nyalenda kupitia zile njia za mashimo, mahali ambapo akina mama walikuwa wamepanga mitungi foleni kwenye bomba la maji, wakanitazama nikipita mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Nilikwenda Dunga, nikazima gari ufukoni pale wanapopakua samaki, nikakaa na vioo vimefungwa, jua likinichoma, nione kama joto ndilo linalokitia wazimu kile kisanduku. Mbele yangu ziwa lilikuwa limefunikwa na magugu mpaka mbali, kijani kitupu, na watu wawili walikuwa wakisukuma mtumbwi katikati yake hatua kwa hatua. Ndani ya gari hewa ilianza kuwa nzito. Kumi na mbili nukta tatu, ikasema mita. Jasho liliniingia machoni. Nikavumilia dakika tano zaidi, na katika dakika hizo ndipo nilipomfikiria yule bibi kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama habari ya nyaya. Mimi nilikuwa na mkono juu ya kidude cha mlango na nilijua kitafunguka. Nikatoka mbio. Niliagiza samaki wa kukaanga kwa mama mmoja pale, akaniwekea na ugali, na sikuweza kumeza hata tonge la pili.

"Haina chumvi?" aliniuliza.

"Ina chumvi, mama. Ni mimi."

Jumatano nikaendesha tena, mpaka Ahero na kurudi, katikati ya mashamba ya mpunga. Mita haikusema kitu. Niliporudi kibandani nilikuwa na hasira na mita, na gari, na mkunga, na mpwa wangu aliyeolewa.

Alhamisi saa nne wakaja. Mkunga alimshika mama mkwe wake mkono, wakivuka barabara polepole. Nilimtarajia kikongwe dhaifu. Nikamwona bibi mnene, mfupi, aliyevaa gauni la maua na kilemba cheupe, anatembea kwa kuyumba kwa sababu ya magoti, na mkongojo mzito wa mti mkononi, uliopigwa kipande cha chuma kwa chini. Alinipa mkono, akaniita nyathina, mwanangu. Nilimletea kigoda, akaketi nje, akiangalia gari kwa pembe ya jicho.

Nilimweleza mkunga yote niliyoyapima. Nilisema sana, na kwa haraka; betri, fyuzi, swichi, rimoti, barabara ya Ahero. Kile kiungo sikukitaja.

"Kwa hivyo hujui," mkunga akasema.

"Bado sijaliona likifanya."

Bibi akasema kitu kwa Kijaluo, kisha akanigeukia akasema kwa Kiswahili chake: "Nyathina, si uniulize mimi? Mimi ndio ilinifunga."

Niliona aibu. Siku tatu nilikuwa nimeliuliza gari, nimeuuliza kila waya, na mtu pekee aliyekuwa ndani sikumuuliza.

Akainuka. Mkunga akasema, "Mama, wacha," lakini bibi alishafika mlangoni. Niliifungua milango yote minne ikawa wazi kabisa, nikamwapia kwamba hakuna utakaofungwa. Alisimama kidogo ameshika paa la gari. Midomo yake ilikuwa ikienda, nadhani alikuwa anaomba. Kisha akageuka, akajishusha kitini, akaingiza mguu mmoja, halafu mwingine, akivuta pumzi kwa nguvu.

"Niliketi hivi," akasema. "Kikapu hapa. Hii nikaweka hapa." Akausimamisha mkongojo pembeni, kwenye ile pembe ya mguu wa kushoto. "Halafu huyu akashuka. Mimi nikataka kujisukuma nyuma, kiti inaumiza."

"Ulijisukumaje, mama?"

Akaukamata mkongojo kwa mikono miwili akauegemea.

Mita ilikuwa bado imebandikwa juu ya dashibodi. Niliiona ikiruka kutoka kumi na mbili nukta nne hadi sufuri kamili. Milango yote minne, ingawa ilikuwa wazi, ikalia tak kwa pamoja, na vidude vyake vikashuka.

Mkunga alipiga kelele. Bibi hakupiga. Alishtuka, macho yakamtoka, lakini hakuachia. Kisha akaulegeza mkongojo. Kumi na mbili nukta nne. Akauegemea tena. Sufuri, tak.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Ile ncha ya chuma ilikuwa inasukuma kifuniko cha plastiki, na kifuniko kinasukuma kiungo changu kwenye bodi ya gari. Gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka kwa joto na tepu imeteleza kwa nyuma, mahali ambapo tochi yangu haikufika, na shaba tupu ilikuwa inagusa chuma. Kila alipojisukuma, waya ulikuwa unaambia kisanduku funga. Na siku ile sokoni, alipoingiwa na hofu, mkono mmoja unavuta kidude cha mlango na mwingine umeukandamiza mkongojo kwa nguvu zake zote ili ainuke, alikuwa anafungua kwa mkono huu na kujifungia kwa mkono ule. Kadiri alivyopigana ndivyo gari lilivyomshika.

Nilimsaidia kutoka. Nikachuchumaa, nikavuta kifuniko, nikakipindua kiungo. Shaba ilikuwa inang'aa kwa kusuguliwa.

"Ni hiyo box imeharibika?" mkunga aliuliza nyuma yangu.

"Eh, hizo zinakufa tu," akasema fundi wa matairi, ambaye alikuwa amesogea kuona.

Ningeweza kutikisa kichwa tu. Wala nisingehitaji kusema neno. Nilibaki nimechuchumaa pale, uso ndani ya gari, na harufu ya zulia lenye unyevu puani.

"Hapana," nikasema. "Box ni nzima. Ni mimi."

Nikainuka, nikamwonyesha. Nikamweleza kuhusu stima, na harusi, na tepu. Alisikiliza bila kubadilisha uso.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilishuku."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Tangu ulipokuwa unaniambia."

Hapo ndipo hasira yake ilipokuja, na haikuja pale nilipoitazamia. "Ile ya kukosea, kila mtu anakosea," alisema, ile sauti yake ya chini ikitetemeka. "Lakini siku tatu? Mimi nikikosea na mama akaanza kutoka damu, nasema hiyo dakika. Kama sisemi, anakufa kitandani nikiwa nimesimama hapo. Wewe ulikuwa unaniangalia kwa macho, unanyamaza!"

Ningesema nilitaka kuwa na hakika kwanza, lakini si kweli. Nilitaka liwe jambo jingine.

"Toa hiyo kitu yote," akasema. "Nirudishie gari kama ilivyotoka kiwandani. Nitafungua na ufunguo."

Nikaitoa. Stima ilikuwepo, chuma kikapata moto. Niliviondoa viungo vyangu, nikaziunganisha nyaya za kiwandani kama zilivyokuwa, nikayeyusha risasi mpaka ikapenya kwenye shaba, nikazivisha mipira inayobana kwa joto, nikazifunga mbali na bodi. Kisha nikamwomba bibi mkongojo wake. Niliukandamiza kwenye pembe ile mara hamsini, mita ikiwa mbele yao. Namba haikusogea. Mkunga mwenyewe akauchukua akaukandamiza kwa uzito wake wote. Haikusogea. Mwenye duka la vioo alipelekewa habari, akaja akatia kioo kipya, hilo nilishughulika nalo mimi. Yote yalichukua mpaka alasiri.

Bibi alikuwa ameketi kigodani akinywa chai. Walipokuwa tayari kuondoka alisimama, akalitazama gari, akanitazama, akamwuliza mkwe wake jambo kwa Kijaluo. Nililielewa kabla halijatafsiriwa. Nimezaliwa mji huu.

"Anauliza," mkunga akasema, akiangalia kando, "na hizo gari zingine?"

"Zipi, mama?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Zingine uliweka hiyo kitu," akasema bibi mwenyewe. "Hiyo watu iko ndani, nani anawaambia?"

Akaingia garini. Hakutaka mlango ufungwe mpaka mkunga ateremshe vioo vyote vinne, na wakaondoka hivyo, kilemba chake kikipepea, kuelekea njia ya Sondu. Mkunga hakurudi kwangu tena. Nasikia siku hizi anampelekea gari fundi mwingine upande wa Ahero, na ana haki.

Jioni ile sikufunga kibanda mapema kama nilivyokusudia. Niliketi na simu yangu nikarudi nyuma kwenye namba, moja moja, nikijaribu kukumbuka: huyu nilimtilia alamu lini, stima ilikuwepo au haikuwepo? Msimu ule stima ilikuwa ikipotea kila mara. Nikapata magari manne ambayo sikuwa na hakika nayo. Nilimpigia wa kwanza, mchungaji wa kanisa moja huku Migosi, nikamwambia alilete kesho, kuna kitu nilikifanya vibaya. Akasema hajawahi kuitwa na fundi kwa sababu hiyo. Alikuja. Kiungo chake kilikuwa kizima, nikakichomea hata hivyo. La pili lilikuwa la mwalimu, nalo tepu ilikuwa imeanza kulegea, shaba imechungulia. Nilimwonyesha. Akanifokea mbele ya watu, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakaondoka. La tatu niliambiwa limeuzwa. Nikamfuata mnunuzi mpaka sokoni Kibuye, nikalitengenezea palepale, katikati ya magunia ya vitunguu, kwa risasi niliyoichoma kwa betri ya gari lenyewe.

La nne sikulipata. Mwenyewe alikuwa kijana muuza vipuri vya simu, na namba yake haipatikani. Niliuliza alipokuwa na kibanda, wakaniambia amehama, labda Bungoma, labda Nairobi, hakuna anayejua. Gari lake ni dogo, jeupe, lenye mkwaruzo mrefu mlango wa kulia. Magari madogo meupe mji huu hayahesabiki. Nikiwa nasubiri kuvuka barabara pale mzunguko wa Kondele, macho yangu hayatulii. Juzi nimepanda boda nikafuata moja mpaka Mamboleo, mwendesha boda akiniuliza kama ni mume wangu aliyemo ndani. Tulipolifikia kwenye matuta, nikatazama mlango wake wa kulia. Ulikuwa safi, hauna alama. Ndani yake alikuwemo mama na watoto watatu wa shule, vioo viko chini, wanakula miwa. Nikamwambia mwendesha boda ageuze.